Shingo Niliyomchorea Mama Paskalina

Hata sasa ninapoandika haya masikio yananiwaka, lakini bora niseme mwenyewe kuliko wenzangu wa bweni wasimuliwe na mtu mwingine, akaongeza chumvi. Likizo ya mwaka wa Uhuru daktari wa hospitali ndogo hapa Karatu alisikia najua kuchora, akaniomba nimchore Mama Paskalina wa Ganako, ambaye uvimbe wa rovu ulikuwa umemkaa shingoni mkubwa kama kibuyu, maana kamera ya daktari ilikuwa imekufa na mpasuaji wa Arusha alitaka kwanza kuuona uvimbe wenyewe ndipo akubali kumpokea.

Basi nikaketi mbele yake. Mama wa watu kajizungushia kanga shingoni, na mimi (ambaye hata kumwamkia mtu mzima natazama vidole vyangu vya miguu) nikashindwa kumwambia aifungue, tena kwetu mtoto hamkodolei mkubwa mahali panapomuuma, nikaona nimchoree tu shingo safi, nyembamba, na ushanga juu yake. Akafurahi mno. Wodi nzima ikaingiwa na wivu: mzee mmoja Mnyaturu, kibarua wa mashamba ya Oldeani, akataka shavu lake lililofura kwa jino lishuke, na mzee wa Kimasai kutoka Ngorongoro, mguu ndani ya plasta, akataka asimame na mkuki, ng'ombe wake nyuma. Nikawachorea. (Ng'ombe alitoka vizuri kuliko watu.)

Asubuhi, Landrova ya kupeleka picha Arusha ikiunguruma, daktari akaifungua barazani mbele ya manesi, wagonjwa na dereva. Kisha akauliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniua, "Binti, huyu akatibiwe nini?"

Mzee Mnyaturu akadakia kwamba basi hospitali ifungwe, fundi ameshawaponya wote, watu wakacheka mpaka dereva akazima gari, nami nikajificha nyuma ya nguzo nyembamba kuliko mimi.

Mama Paskalina hakucheka. Picha ile ndiyo ilikuwa nafasi yake, na usiku alikuwa halali kwa kukosa pumzi. Akaifungua kanga mbele ya watu wote, akakaa kwenye ngazi.

"Nitazame, mwanangu. Hata mimi nilikuwa naona aibu."

Nikachora rovu lote, dereva anapiga honi.

Mpasuaji alimkubali. Nami nimeapa: nikiambiwa nimchore mgonjwa, nitamchora anavyoumwa, kuponya nawaachia wenyewe.