Gasaro Aachiwa Bondeni

Kosa langu la kwanza lilinyooka kama rula. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilichimba mtaro katikati ya bonde la bibi yangu huko Karagwe, nikitaka maji yaliyotuama yatoke na pawe nadhifu. Niliupima kwa kamba mara tatu. Kabla mwaka haujaisha mafunjo yalikauka, vyura wakanyamaza, na korongo taji waliozaliana pale tangu enzi za mababu wakahama. Bibi hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Nikaanza kujisomea kila karatasi iliyotaja vinamasi. Basi dereva mmoja wa lori la maharage aliponiambia kuna mama huko Kigali aliyefufua bonde lililokufa, nilifunga mkoba siku ileile. Nikaufungua na kuufunga upya mara nne.

Tuliondoka alfajiri, katikati ya mwaka 1990. Rusumo, mpakani, tulivuka daraja juu ya maporomoko, na lori likahamia upande wa kulia wa barabara. Nilijua litahama, nilikuwa nimesoma. Hata hivyo kila gari lililotujia nililipigia yowe, na dereva akacheka mpaka Kibungo.

Saa tisa alasiri tulipita uwanja wa ndege wa Kanombe. Ndege ilishuka juu yetu, nikainama. Dereva naye akainama, kwa kunikejeli tu.

Jioni nilifika Kagarama, pembeni mwa Kigali, kwa Mama Vestine, muuguzi mstaafu mwenye matope hadi magotini. Nilimwamkia, nikamkabidhi daftari langu lenye ramani za wino wa rangi tatu. Akaligeuza huku na huku.

"Hii iko nzuri sana. Sasa utaiweka wapi isilowe?"

Akanieleza habari zake. Alikuwa ameziba mitaro yote kwa magunia ya udongo, akapanda mafunjo upya, na msimu wa mvua uliopita korongo wawili wa porini walirudi. Ila kipande cha katikati kilikuwa cha jirani yake, Faustin, aliyetaka kukikausha alime viazi vitamu. Walikuwa wamepatana hivi: Gasaro, korongo aliyefugwa uani kwa Mama Vestine tangu kinda, ambaye manyoya ya mbawa zake yaliyokatwa yalikuwa yameota tena, angeachiwa kesho yake. Akibaki bondeni, maji yabaki. Akirudi uani kuomba mtama, jembe liingie.

Asubuhi saa moja tulimshusha bondeni. Faustin alikuja na jembe begani. Gasaro alisimama, akatazama maji, kisha akageuka kuelekea njia ya nyumbani.

"Anatafuta chai," Faustin akasema. "Ndege wa mjini huyo, sha!"

Mama Vestine akatanua mikono, akaruka. "Cheza!" akaniamuru. "Umusambi, yaani korongo, ukimchezea, anacheza!"

Sikuwa nimewahi kucheza mbele ya watu. Nikauliza nianze na mguu gani.

"Ule iko karibu!"

Nikaruka, nikaanguka kifudifudi, nikainuka, nikaruka tena. Gasaro akanikazia macho. Akainamisha kichwa, akatanua mbawa, akaruka juu. Ng'ambo ya maji wale korongo wawili wa porini wakalia kama honi. Gasaro akatimua mbio majini, miguu ikimgongana, akapaa ovyo kama mwavuli uliopeperushwa, akatua katikati yao. Wakaanza kucheza wote watatu! Faustin akatupa jembe, akajiunga nasi akipiga makofi: "Ayi wee! Nimeshindwa, nimeshindwa!"

Jioni tuliweka bakuli la mtama uani, tukangoja. Kuku wakaumaliza.

"Viazi nitapanda kule juu," Faustin akasema, na akaomba togwa.

Nilikaa siku nne zaidi, nikibeba magunia ya udongo, kisha nikarudi kwa njia ileile. Daftari nilimwachia Mama Vestine awashie moto. Niliyojifunza kwake ni machache: ziba, panda, halafu waache wenyewe waje.

Mwaka umepita. Mimi na Bibi tumeuziba ule mtaro. Maji yamenifika kiunoni, na mafunjo yanaota yanapotaka. Korongo bado hawajaja. Kila asubuhi nacheza kidogo pale ukingoni, watu wakiniona.