Nilivyomtunza Afande Asiye Wangu

Mpaka leo gari likipita nje ya ile kambi mimi huvuta ushungi nikajifanya nasinzia, maana najua pale getini wapo vijana ambao wakiniona tu wataambiana, "Yule bibi ndiye." Na kweli ndiye. Nimezaa, nimezika, nimewahi kuteleza na ndoo ya maji mbele ya wakwe zangu wote, lakini aibu ya kile kitenge sijaipata nyingine mfano wake, na kwa kuwa Kalunde (shoga yangu wa hapa Usoke, tumekua pamoja) ameshaisimulia kila penye harusi na kila penye msiba, tena kwa kuongeza chumvi, afadhali niisimulie mwenyewe.

Mwanangu wa kwanza, Selemani, ni mwanajeshi. Aliingia kuruta, mwembamba kama ufito, akapanda taratibu, akawa koplo, akawa sajini, mpaka akafika afisa mteule daraja la kwanza, na hapo ndipo akapewa ile kazi ambayo wenyewe wanaiita aresiemu. Mimi shule niliishia darasa la pili, nikamwuliza, "Aresiemu ndiyo nini, baba?" Akaniambia, "Mama, maofisa wenye nyota ndio wanaoamua. Mimi nahakikisha askari wote wanasimama sawasawa." Nikasema haya, kazi ni kazi, lakini sikuielewa mpaka siku nilipomtembelea nikaona vijana wenye nyota mabegani, ambao yeye ndiye anayewapigia saluti, wakimwona anatokea na ile fimbo yake kwapani (fimbo ya aresiemu ina vyuma vinavyong'aa, inafunguka kama mkasi) wanajikagua vifungo haraka haraka kama watoto waliosikia baba anakohoa nje.

Na uwanja wake wa gwaride! Uwanja ule hakatizi mtu. Hata kama unakwenda upande wa pili kuchukua chumvi, unauzunguka. Siku moja mbuzi alikatiza, akaadhibiwa askari wa zamu, mbuzi akasamehewa.

Basi mwaka wake wa kustaafu ulipofika akanipigia simu. "Mama, nakabidhi fimbo. Njoo na mtu wa kukushika mkono." Nikamwambia nitakuja na Kalunde na jirani yetu Mama Hawa. Kwa kuwa anawajua, akasema, "Mama, nimeadhibu watu wengi kwa makosa madogo. Gwaride langu la mwisho nataka liishe bila kosa hata moja. Mtakaa kwenye viti, na msinyanyuke mpaka nije niwachukue." Nikamjibu, "Sisi wazee, tunyanyuke twende wapi?"

Tungekaa kweli, wallahi, kama si kile kitenge. Tuliteremka Tabora mjini jana yake, tukapita dukani kwa Mzee Abasi, yule Mhindi wa jirani na soko ambaye anatujua tangu kwa baba yake, nia yetu ni kununua sabuni tu. Macho yangu yakaangukia kitenge cha bluu chenye maua ya dhahabu. Mzee Abasi akaona ninavyokitazama. "Mama Selemani, ya harusi hii?" Nikasema hapana, mwanangu anastaafu jeshi. "Aa! Basi taenda mikono mitupu? Watu tasema nini?" Na hapo ndipo nilipoponzwa, maana ni kweli, kwetu mtu akifanya jambo la heshima hatumwachi hivi hivi, tunamtunza: unainuka na vigelegele, unamfuata mpaka alipo, unamvika kitenge shingoni watu wote waone kwamba huyu ana kwao. Nitamwacha Selemani peke yake, kana kwamba ameokotwa? Nikakinunua, nikakikunja, nikakiweka kifuani.

Asubuhi yake kijana mmoja mpole akatupeleka kwenye viti, kivulini, nyuma ya wake wa maofisa. Askari wamejipanga mistari imenyooka kama tuta la tumbaku, bendi pembeni, mkuu wa kikosi kasimama jukwaani. Shida ni kwamba wote wamevaa sawasawa na kofia zimeshuka mpaka puani, na macho yangu mimi mbali hayafiki. Kalunde akaninong'oneza, "Wako yupi?" Nikamwambia tazama fimbo, mwenye fimbo ndiye Selemani.

Fimbo ikaenda, ikarudi, ikasimama mbele ya mkuu. Sauti ikatoka, "Gwaride! Mguu sawa!" na miguu ile yote ikagonga ardhi mara moja, kiti changu kikatetemeka, na machozi yakanitoka, nikamkumbuka marehemu baba yake, Mihambo, ambaye hakuwahi kumwona hata na ukoplo. Nikayafuta kwa ncha ya khanga. Nadhani ni hapo hapo, nilipokuwa najifuta, ndipo alipotokea afande mwingine, wa kupokea kazi yake, wakatazamana na mwanangu, fimbo ikatoka mkono huu ikaingia mkono ule. Niliporudisha macho, mwenye fimbo kasimama peke yake katikati ya uwanja, na wake wa maofisa wanapiga makofi.

Makofi! Kwetu makofi yakishalia anangojwa nani tena?

Nikainuka. Mama Hawa akanishika nguo, "We, Selemani kasema tukae." Nikamwambia, "Kasema kabla hajatunzwa." Nikapiga kigelegele kimoja kirefu (nilikuwa na kifua bado), nikaingia uwanjani nakwenda kwa madaha, kitenge nimekikunjua juu ya kichwa, na Kalunde, ambaye kigelegele hakimpiti, nyuma yangu, na Mama Hawa naye nyuma yake, maana kubaki peke yake kwenye viti aliona aibu. Bendi nayo, sijui walidhani ndio utaratibu, sijui mkubwa wao aliambiwa makofi yakiisha apige, ngoma ikalia. Tukacheza. Tulicheza kweli.

Njiani nikampita askari mmoja kasimama kando, wima kama nguzo. Nikasikia ananiita kwa sauti ya chini, midomo haitikisiki, "Mama. Mama!" Nikasema ana adabu huyu, ananiamkia, nikamjibu, "Marahaba, mwanangu," nikaendelea.

Nikamfikia mwenye fimbo kwa nyuma. Nikamvika kitenge, nikakizungusha shingoni, nikakifunga fundo, nikazunguka mbele nimtazame mwanangu. Masharubu! Selemani hajapata kufuga masharubu tangu azaliwe. Yule bwana (Afande Gerevasi, mtu wa Kasulu, nilimjua jina baadaye) kanikodolea macho, jasho linamtoka chini ya kofia, fimbo hajaizoea, kitenge cha maua kifuani.

Ngoma ikakatika. Uwanja kimya, kiasi kwamba nilisikia bangili za Kalunde. Gerevasi akasema kwa pembe ya mdomo, "Afande, huyu mama ni wako au ni wangu?"

Na yule aliyeniamkia, kule nyuma, akajibu kwa sauti ya Selemani, "Ni wangu. Mtoe."

"Namtoaje?"

"Yuko uwanjani. Aliye uwanjani hutolewa kwa amri. Fimbo unayo wewe."

Gerevasi akapaza sauti, amri yake ya kwanza katika ukubwa wake, maskini: "Akina mama! Nyuma... geuka!" Tukageuka. Mimi kulia, Kalunde kushoto, tukagongana vifua. "Mbele... tembea!" Ngoma ikaanza tena, na sisi watatu tukaondoka kwa mwendo wa gwaride (wazee wetu Wanyamwezi walipiga mguu kutoka hapa mpaka pwani, mstari mmoja, meno ya tembo mabegani, na sidhani kama kuna aliyewahi kukosea kama nilivyokosea mimi) na nilipompita Selemani nikasikia sauti yake ya chini, "Kushoto, mama. Anza na kushoto." Askari hawakucheka, ila matumbo yao nayaona yanacheza chini ya mikanda.

Kwenye chakula mkuu wa kikosi alinitania, "Bibi, sasa tukupe cheo gani?" Watu wakacheka, nikacheka nami, la kufanya lingine lipi? Gerevasi akaja na kitenge amekikunja vizuri, anarudisha kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Cha kutunza hakirudi, mwanangu, utanitia mkosi. Kimekupata, ni chako." Selemani alikuwa mbele ya sahani yake ya pilau, hajagusa.

Nyumbani kwake alikaa barazani anafungua kamba za viatu polepole, jua limeanza kupoa. Mkewe akanipa ishara nimwache. Sikuweza. Nikaketi kwenye ngazi chini yake, nikamwambia, "Baba, nimekuharibia. Gwaride moja tu uliomba liishe bila kosa, na kosa nimelizaa mimi niliyekuzaa. Nisamehe."

Akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi. "Mama, mimi nilikuona toka ulipoinuka. Nikasema Mungu wangu, anakuja. Askari wangu wote hawa wanatazama, miaka yote nafukuza watu hapa, na mama yangu anakuja kunicheza uwanjani. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka." Akakigeuzageuza kile kiatu. "Halafu nikasema basi, acha aje. Nikajikaza, nikakungoja." Akakiweka kiatu chini. "Ukanipita."

Nikainua uso nimtazame.

"Aibu ya kuja ningeivumilia, mama. Umenipita, ukaniitikia marahaba."

Jitu zima lile, lina wajukuu, limetisha makuruta wa nchi nzima, kumbe linalilia kutunzwa. Kitenge kingine sina, maduka yamefungwa. Nikainuka, nikafungua khanga ya begani, ile ile niliyojifutia machozi, imekunjamana na inanukia moshi wa Usoke, nikamvika shingoni, nikaifunga fundo. Kalunde akatokea mlangoni kafungua mdomo, nikamwambia, "Ole wako, Kalunde!" Akaufunga. Selemani hakuivua. Alikula usiku ule nayo shingoni, akaomba aongezwe.

Kwa hiyo nimeapa, na Mama Hawa ni shahidi: penye gwaride sitanyanyuka tena hata kiti kikishika moto, na nikialikwa popote nauliza kwanza, hapa mnatunza au mnanyamaza? Na mtoto wangu nikimtafuta kwenye watu, namtafuta usoni, simtafuti mkononi.