Nilinenepeshwa kwa vidonge vya kaka yangu mgonjwa ili nipendeze harusini

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Mimi ni bibi yenu wa miaka themanini na ushei. Mjukuu anachapa, mimi nasema. Chumvi sitaongeza, maana daktari kanikataza hata kwenye mboga.

Nimesomewa uzi mmoja hapa mnaulizana vidonge vya kunenepesha mashavu kabla ya harusi. Mnajiona wajanja wa kwanza duniani. Poleni. Sisi tulianza kabla ya Uhuru.

Ni miaka ya hamsini, mwishoni mwishoni. Tunakaa Iringa mjini, baba ana duka la khanga. Kaka yangu Salumu alikuwa fundi cherehani Mbeya. Ndiye aliyenifundisha kusoma, na ndiye aliyenipa jina la Ufito, kwa wembamba wangu.

Kaka akaugua. Fizi zinavuja damu, mwili una mabaka meusi kama kapigwa, akitembea hatua kumi anatweta. Hospitali ya Mbeya wakamtoboa kidole, wakaihesabu damu yake kwa darubini, wakakuta iko chini mno. Wakasema uboho ndani ya mifupa, ambako damu hutengenezwa, umegoma kazi.

Wakamwongezea damu chupa kwa chupa. Wakamchoma sindano za maji ya ini, ambazo kazi yake kubwa ilikuwa kumzuia kukaa.

Ndipo daktari, Mzungu mmoja mpole, akaagiza vidonge vipya kutoka Dar. Vidogo, vyeupe, kwenye kopo la bati.

Vikafanya kazi wakuu! Fizi zikakauka, hesabu ya damu ikaanza kupanda. Na uso ukamvimba, mashavu yakawa kama maandazi. Siku hizi mnaita side effects. Kwetu tuliita afya.

Mimi nikawa nimeposwa. Daktari akamruhusu kaka aje harusini na kopo la miezi miwili, maana Mbeya hadi Iringa ilikuwa siku nzima ya vumbi. Dresa, yaani msaidizi wa daktari wa zama zile, akamwambia mara tatu: "Usikatishe hata siku moja."

Sasa aingie shangazi.

Shangazi alitoka Ubaruku na magunia yake ya mchele, kuja kunifunda. Akamwona kaka, akashika kiuno.

"Huyu ndiye mgonjwa mliyenililia? Na mashavu haya?"

Profesa wetu huyo. Darubini yake ilikuwa mashavu, na maabara yake ilikuwa shingo. Ukinona umepona, ukikonda unakufa, kesi imekwisha.

Mimi wakati huo nimewekwa ndani, mwali. Mama mkwe alikuwa amepita kunitazama, akauliza kwa upole wake, "Huyu mtoto mmemlea kwa ukoko?" Shangazi ilimuuma hadi kwenye mfupa. Nikanyweshwa uji wa maziwa, nikalishwa wali wa samli, na bado nikabaki ufito uleule.

Siku ya nne shangazi akapata wazo. Mungu atuepushe na mawazo ya siku ya nne.

"Salumu, ni dawa gani iliyokunonesha hivi?"

Kaka akamwonyesha kopo.

"Basi wewe umeshapona, baba. Mpe mwenzio."

Kaka akacheka. "Chukueni. Vyenyewe vimenichosha, na Ufito anaolewa mara moja tu."

Mtaniuliza, bibi ulijua? Nilijua. Kopo nililifahamu, na maneno ya dresa kaka alikuwa ameshatusimulia. Nilimeza asubuhi na jioni, na nilijitazama kwenye kioo kila nikimaliza. Nilitaka mashavu, wakuu. Ndiyo hivyo.

Nikayapata. Wiki ya sita natoka ndani, mama mkwe anapiga vigelegele peke yake. Shangazi anapita kwa wageni kupokea pongezi kana kwamba ndiye aliyetengeneza vidonge.

Tukapigwa picha. Kaka akiwa amesimama nyuma yangu, pua ikatoa damu, ikadondokea kanzu. Shangazi akasema ni joto.

Joto! Iringa, mwezi wa saba, watu wanaoga kwa kulazimishwa!

Fungate yangu ilidumu siku mbili. Siku ya tatu fizi za kaka zilivuja hadi mto ukalowa. Nikamwomba mume wangu ruhusa, tukapanda basi la Mbeya, mimi, kaka na shangazi.

Dresa akamtoboa kidole, akatazama, akarudia kutazama.

"Kopo liko wapi?"

Shangazi, aliyeongea njia nzima, akaanza kukagua dari. Dresa akanigeukia mimi, akanitazama mashavu.

"Nimevimeza mimi," nikasema.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Wakaomba damu. Zama hizo ukisikia damu inatolewa unakimbia, mumiani hao! Shangazi akakumbuka ghafla kwamba ameacha mpunga juani. Mimi nikanyoosha mkono, na kwa bahati damu yangu ikafaa.

Kaka akaitazama ile chupa. "Ufito, ndiyo unanirudishia mashavu yangu?"

Tukacheka. Hatukucheka tena pamoja.

Vidonge vikaagizwa Dar. Vilipofika tulikuwa tumeshamzika.

Daktari aliniambia labda kaka asingepona hata angemeza vyote. Nilisema alikuwa mpole. Nimeishi na hiyo "labda" miaka sitini na zaidi, nimezaa nayo, nimezeeka nayo.

Funzo langu ni dogo. Mgonjwa akinenepa, muulizeni daktari kabla hamjachinja jogoo. Na dawa si pilau, haigawiwi kwa jirani.

Ile picha ipo ukutani kwangu. Wajukuu huniambia, "Bibi, ulikuwa na mashavu!" Nyuma yangu kaka kasimama, uso umeshamsinyaa, anatabasamu.

Nawajibu mashavu hayo ni ya Salumu. Wananiona nimeanza kuzeeka akili.

Haya, uwanja wenu, nisemeni mnavyotaka. Na yule aliyeulizia bei ya vidonge vya mashavu, ningependa aanze yeye.