Mwenye Waya Huteremka kwa Miguu

Shangazi yangu Filomena Herger alipandisha watu mlimani karibu maisha yake yote, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kwenda kwa miguu. Hilo liliwashangaza wageni tu. Sisi wa Stafel, shamba letu la juu mlimani, tulijua kwamba mota ya kigari cha waya iko juu, breki iko juu, na lazima mtu akae nayo. Kwa hiyo Jumapili akitaka kwenda kanisani, alishusha kwanza madebe yake ya maziwa kwa kigari cha waya, akazima mota, akatundika ufunguo kwenye msumari juu ya mlango, halafu akashika fimbo na njia ya msituni. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni adhabu aliyopewa.

Chini, kwenye kibanda cha kusubiria, kulikuwa na simu ya kuzungusha kwa mkono. Ukiizungusha, juu kengele inalia, na sauti yake inakujia kavu: "Nani huyo?" Ukishasema jina, anauliza mko wangapi, mmebeba nini, na kama kuna mnene kati yenu. Kuna padri mgeni aliyewahi kuona amevunjiwa heshima.

"Padri," shangazi alimwambia, "sikuulizi dhambi zako, nakuuliza kilo."

Palikuwa na waya mwingine wa simu uliotoka kwetu, ukapita juu ya mgongo wa mlima mpaka bonde la pili, mahali panapoitwa Eggen. Huko alikuwepo Melk Zurfluh na kigari chake. Watu wa matembezi walikuwa wakipanda kwa waya wetu asubuhi, wanatembea njia ya juu mchana kutwa, na jioni wanashuka kwa waya wa Melk. Desturi ilikuwa hivi: wakiondoka kwetu, shangazi anamtangazia Melk. "Wawili wanakuja kwako. Mmoja amevaa viatu vya mjini, usimtarajie mapema." Mtu akishatangazwa, Melk hazimi mota mpaka amfikie, hata mvua ya mawe inyeshe. Kama hakuna aliyetangazwa, akimaliza kukamua anafunga.

Mazungumzo hayo yaliota mizizi. Waliongea habari za ndama, za majani yaliyonyeshewa kabla ya kukauka, za watoto wa Melk waliokimbilia mjini. Mke wa Melk alipofariki, shangazi alianza kupiga hata siku ambazo njia ilikuwa tupu.

"Melk, leo hakuna mtu anayekuja kwako."

"Haya. Hakuna mtu."

Basi hapo wataongea mpaka chai ipoe. Mimi nikiwa jikoni nasikia, nacheka kimoyomoyo. Sura ya Melk shangazi alikuwa ameiona mara moja tu, ujanani, kwenye sherehe ya wachungaji huko juu kwenye mpaka wa mabonde mawili, walipocheza pamoja ngoma mbili. Alisema Melk alimkanyaga. Mwaka uleule babu, aliyekuwa mwenye waya kabla yake, alivunjika mguu, shangazi akashika breki akiwa msichana, na hakuiacha tena. Upande wa pili Melk naye alikuwa na breki yake. Nani angemwachia nani?

Kisha ulikuja ule mwaka ambao waya wetu ulifungwa mtambo mpya. Abiria anabonyeza kidude mwenyewe, kigari kinapanda. Shangazi alipata uhuru uzeeni, na ulimuudhi kweli. Alikuwa anakaa dirishani anatazama watu wakipanda bila kuulizwa kitu. Kiangazi hichohicho Melk alimwambia kwamba mpwa wake Toni anampeleka kwenye nyumba ya wazee mjini. Eggen itafungwa. Jumamosi, baada ya kukamua, Toni atamsubiri chini na gari.

"Regula," shangazi aliniambia, "Jumamosi unanisindikiza njia ya juu. Nataka kumwona kabla hajaenda kukaa na wazee."

"Kwani yeye si mzee?"

"Yeye ni Melk."

Jumamosi nilibonyeza kidude, nikapanda Stafel asubuhi na mapema. Nilimkuta yuko tayari mlangoni, amevaa gauni la sikukuu na viatu vya kazi, mkate na jibini vimo kwenye mkoba. Tuliondoka. Siku ilikuwa nzuri kiasi kwamba hata leo nikiifikiria moyo unaniuma. Kengele za ng'ombe zilisikika chini yetu, theluji ya mwaka jana bado imejificha kwenye vivuli, na maua mekundu ya mlimani yamefunika mteremko mzima. Shangazi aliwatangaza watu waliopita njia ile maisha yake yote, lakini yeye alikuwa hajaikanyaga tangu zile ngoma mbili. Kila mahali alikuwa akisimama. "Kumbe hili ndilo jiwe wanalolisema." Magoti yake yalikuwa mabovu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namharakisha.

Tulipofika kwenye msalaba wa mbao mpakani, tukakaa kula. Alikata jibini, akaweka juu ya mkate, akaupeleka mdomoni, kisha akaushusha.

"Nani amempigia Melk?"

Kwa desturi anayebaki kwenye mota ndiye anayepiga, na siku ile kwenye mota hakubaki mtu. Kidude hakitangazi wageni. Nilitoa simu yangu ya mkononi, haikuwa na mtandao, na hata ungekuwepo, simu ya Melk ilikuwa na njia mbili tu: kwetu na chini kibandani kwake.

"Nimewatangaza mpaka watu wasio na shukrani," alisema. "Nimetangaza hadi mbwa wao. Mimi mwenyewe nimejisahau."

"Huenda hajafunga, shangazi."

"Hana sababu ya kutofunga. Inuka."

Mkate ulirudi mkobani bila kuliwa. Kuteremka ndiko kunakomaliza magoti, na nilimsikia akihema kwa maumivu kila hatua, lakini nikimwambia apumzike ananipiga jicho. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa pili tulipoyaona mapaa ya Eggen. Hapakuwa na moshi. Tulipofika, zizi lilikuwa tupu, mota imepoa, kigari hakipo. Melk alikuwa ameshusha vitu vyake, akafunga, na kuteremka msituni kwa miguu yake, kama mwenye waya yeyote.

Shangazi alikaa kwenye benchi la nje, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya babu. Sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Kisha akapangusa uso kwa kilemba, akanyoosha mkono juu ya mlango bila hata kutazama, akatoa ufunguo kwenye msumari. Akaingia ndani, akazungusha simu ya kwenda kibandani chini. Ililia muda mrefu.

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa kali mpaka mimi niliyesimama mlangoni niliisikia. "Huko juu kumefungwa. Umeingiaje?"

"Kuna mtu amekuja kwako," shangazi alisema. "Yuko na binti wa kaka yake. Viatu vizuri, magoti mabovu."

"Filomena. Yuko wapi huyo mtu?"

"Alikuwa kwenye benchi lako. Rangi ulipaka lini mara ya mwisho?"

"Nimekaa na simu mchana kutwa," Melk alisema. "Nikasema leo hata ile ya hakuna mtu haiji. Toni ameshafika, gari linanguruma hapa."

"Mwambie azime. Ingia kwenye kigari."

"Nani atakipandisha?"

"Swali hilo unamuuliza nani? Una kilo ngapi siku hizi?"

"Nimepungua."

Alimpandisha taratibu, mkono kwenye breki, macho kwenye gurudumu, kama mtu anayepandisha mayai. Kilitokea kigari, na ndani yake kizee kidogo chenye kofia, kimeshika ukingo kwa mikono yote miwili. Tangu utotoni hakuwahi kuketi mle.

"Umenipandisha kama debe la maziwa," alisema akishuka.

"Debe halilalamiki."

Waliketi kwenye benchi, wakala ule mkate wetu. Nilienda kwenye birika la ng'ombe kuchota maji, nikakawia. Niliporudi walikuwa wanaongea huku wote wanatazama bondeni. Walikuwa wamezoea kuongea bila kuonana, na nadhani sura ziliwatia haya. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa shangazi.

Toni alipopiga simu kutoka chini, Melk aliinuka, shangazi naye akainuka, na wote wawili wakaenda moja kwa moja kwenye breki. Wakasimama pale wanatazamana.

"Ingieni kwenye kigari," niliwaambia. "Wote."

"Wewe unaijua breki?" Melk aliuliza.

"Amenifundisha huyu, kwa matusi."

Walijibana kwenye kile kigari, magoti kwa magoti, na nikawashusha polepole kuliko nilivyowahi kumshusha mtu yeyote. Gurudumu liliposimama, simu ikalia.

"Tumefika," shangazi alisema.

"Haya. Muage Melk kwa niaba yangu. Nazima mota, nateremka kwa miguu."

"Utamuaga mwenyewe. Toni amekasirika, lakini Melk amekataa kuingia garini. Anasema kuna mtu bado yuko njiani, na yeye haondoki mpaka mtu huyo amefika."

Nilizima mota, nikatundika ufunguo juu ya mlango. Mimi ni mwepesi wa miguu, na njia ile ya msituni haina taabu. Siku ile niliiteremka polepole, nikikaa kwenye kila kisiki.