Betri za Jokofu la Mkwaja

Niliondoka Tanga na hasira zangu. Zahanati ya Mkwaja ilikuwa imelalamika mara ya tatu kwamba betri za sola zinaisha nguvu na jokofu la chanjo linapata joto. Mara mbili nilikwenda, nikapima, nikakuta betri nzima, nikarudi. Sasa wilaya ilitamka wazi: fundi akishindwa, jokofu linahamishwa, na watoto wa Mkwaja watafuata sindano ya surua Pangani.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la chumvi. Enzi ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa televisheni, lakini barabara ilikuwa ile ile. Tulinasa kwenye tope Tongoni, nikasukuma na suruali yangu mpya ya mtumba. Pangani tulingoja pantoni mpaka nikawachukia abiria wote.

Saa kumi jioni nilifika. Bi Mwanaidi, muuguzi, alinikaribisha kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikapima: mshale wa kipimo ukasimama juu, imara. Jumanne vivyo hivyo. Nikaanza kumshuku mama wa watu.

Jumatano sikuletewa chai. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikapewa kweli, kwa adabu zote, nikaonyeshwa muhogo nyuma ya zahanati. Nilikuwa nalima kwa kinyongo niliposikia nyimbo za Kihindi kutoka ndani ya zahanati. Nikarudi mbio. Televisheni na deki ya video vinawaka, feni inazunguka, waya zote zimeingia kwenye betri za jokofu. Kila mara jokofu liliponguruma, mshale ulianguka.

"Bi Mwanaidi, hivi huwaka kila siku?"

"Kila siku, fundi. Mgeni hapigiwi kelele, ndiyo tukawa twazima na kuchomoa waya. Leo si mgeni tena."

Nilitaka kukasirika, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikapima betri zote mbili, moja moja, vyote vikiwaka. Moja ilikuwa imechoka, ikimvuta mwenzake. Nikazitenganisha, kila moja na paneli yake: nzima kwa jokofu peke yake, mgonjwa kwa filamu.

Ijumaa jokofu lilikuwa bado baridi, chanjo zikaletwa. Mtoto wa kwanza alipolia kwa sindano, nilifurahi kuliko mama yake.

Jumamosi nilirudi Tanga. Tangu hapo simpimi mgonjwa wa namna hiyo akiwa amepumzika. Ikipumzika, kila betri ni nzima; hata mimi, kabla ya lile jembe, nilionekana mzima.