Seva Mbili, Jina Moja

Fundi wa mitambo, ambaye ofisi nzima ilimwita Miwani, hakuwa mwanamke wa kujichosha bure. Alipoambiwa aongeze seva ya nne kwenye kundi la seva tatu zinazosaidiana kazi, aliona kumwandalia mgeni diski yake ya mfumo kuanzia mwanzo ni kujitafutia balaa. Akanakili diski ya seva ya kwanza kama ilivyo, akaipachika, akakaza skrubu, akawasha, kisha akaketi na kukunja nne.

Kundi likagoma palepale. Mgeni akatimuliwa, na ile seva ya kwanza, mwenyeji wa miaka sita, ikatimuliwa naye.

Bosi akaja mbio, tai begani. "Umefanya nini tena, dada?"

Miwani akacheka chinichini. "Nimenakili kila kitu, bosi, mpaka jina na namba ya utambulisho. Wenzao wanaona mtu mmoja kakalia viti viwili."

Akaipa diski mpya jina na namba yake, akawasha tena. Safari hii mgeni akapokelewa bila neno.

"Umejuaje haraka hivyo?"

"Nina pacha, bosi. Mambo haya nimekua nayo."

"Una pacha? Mbona hatujawahi kumwona! Haya, kesho saa tatu asubuhi kuna kikao, usikose."

Miwani akatoa simu, akamwandikia pacha wake, mshonaji nguo: "Dada, kesho kikao tena. Vaa miwani, tikisa kichwa kama mara ile. Hawa si seva, hawawezi kutushtukia."