Bastola Mpya ya Lloyd Hrabovsky

Kwa miaka arobaini na moja Lloyd Hrabovsky alisimama nafasi namba saba katika klabu ya shabaha ya hapa mjini Corliss, kila Alhamisi saa kumi jioni, mkono wa kushoto mfukoni, wa kulia umenyooka na bastola ya marehemu baba yake. Alikuwa fundi wa tanuru kwenye kiwanda cha vioo hadi kilipofungwa. Mkewe, Arlene, alifariki miaka sita iliyopita. Binti yao, Denise, anaishi mbali na hupiga simu Jumapili. Kilichobaki kwenye wiki yake kilikuwa Alhamisi.

Bastola yenyewe ilikuwa ya jeshi, ya risasi nene ziitwazo arobaini na tano, ya mwaka 1943. Chuma chake cha juu, kile kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, kilikuwa kimelegea kiasi kwamba ukiitikisa inalia kama funguo mfukoni. Alama zake za kulengea zilikuwa ndogo kama punje za mchele, na macho ya Lloyd yalikuwa na miaka sabini na saba.

Kwenye ukuta wa klabu kuna ubao wenye vibao vya majina. Mtu akipata chini ya mia mbili kati ya mia tatu kwa Alhamisi tatu mfululizo, kibao chake kinashushwa na nafasi yake anapewa mwingine. Orodha ya wanaongoja ina watu kumi na tisa. Mwezi wa tatu mwaka huu Lloyd alipata 188, halafu 181. Jumatatu iliyofuata, asubuhi, aliingia dukani kwa Vern Stahl, ambako mimi ndiye ninayetunza daftari la silaha: kila inayoingia, namba yake na imetoka kwa nani, kila inayotoka, imekwenda kwa nani.

"Gail, mwanangu," akaniambia, "nataka kama hii ya baba, ila ya watu wasioona."

Vern akatandika kitambaa cha kijani juu ya kaunta, akapanga tatu. Zote zilikuwa watoto wa ile ya zamani, umbo lilelile, mshikio uleule. Ya kwanza ilikuwa ya chuma kitupu, arobaini na tano, imebana kama saa mpya, na alama nene nyeupe za kulengea. Ya pili ilikuwa nyepesi, ya risasi ndogo za milimita tisa. Ya tatu ilikuwa na kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu juu yake. Hiyo Lloyd aliitazama mara moja akaisukuma pembeni.

"Televisheni ninayo nyumbani," alisema.

Nilikuwa nimeviona vidole gumba vyake. Vilikuwa vimevimba kwenye vifundo tangu majira ya baridi, na kikombe cha kahawa alikuwa anakishika kwa mikono miwili. Nikamsogezea ile ya pili.

"Chukua hii ya tisa. Springi yake laini, kuivuta hakutakusumbua."

Norbert Zelenak, msimamizi wa mstari wa kupigia shabaha pale klabuni, alikuwa amekaa karibu na birika la kahawa kama kila Jumatatu. "Ya tisa?" akasema. "Lloyd, wakikupa na kipochi chake cha rangi ya waridi usikatae."

"Nyamaza, Norbert. Tumbo lako linafika kwenye mstari dakika tano kabla yako," Vern akamjibu.

"Linafika na arobaini na tano, lakini!"

Wakacheka wote, na Lloyd akacheka, na mkono wake ukaiacha ile ya tisa.

Dukani kwetu silaha haipewi mtu ikiwa imefungwa. Anayeitoa anavuta kile chuma nyuma mpaka kishike, ili anayepokea aone kwa macho yake kwamba ndani hamna kitu. Ni adabu tuliyokua nayo, kama kuvua kofia kanisani. Kwa hiyo kila mara Lloyd alipoitaka ile ya chuma, niliivuta nikampa wazi. Yeye alibonyeza kitufe tu, ikajifunga, akalenga saa ya ukutani, akairudisha. Niliifungua mara saba au nane asubuhi ile. Sikumwambia hata mara moja aifungue mwenyewe. Naye hakujaribu.

"Naiona saa mpaka sekunde zake," alisema. "Ndiyo hii."

Ile ya baba yake aliitoa iwe sehemu ya malipo, maana bila hivyo asingeifikia mpya, na Denise alikuwa amemwambia silaha moja ndani ya nyumba inamtosha mzee anayeishi peke yake. Nikaandika: imeingia, kutoka kwa L. Hrabovsky. Mstari wa chini yake: imetoka, kwa L. Hrabovsky. Aliondoka nayo ikiwa wazi ndani ya kasha, kama nilivyompa.

Alhamisi nilikwenda klabuni kuandika alama, kama kawaida. Risasi ishirini za mwanzo hupigwa polepole, tano tano, na ya tano ikitoka bastola inabaki wazi yenyewe. Lloyd alipata 158. Alama kama hizo hakuwa amezipata kwa miaka miwili. Zilibaki risasi kumi, na alihitaji arobaini na mbili tu. Aligeuka akanionyesha vidole viwili juu ya macho yake, kwamba anaona.

Kwenye awamu ya haraka akapiga mbili, tisa na nane. Ya tatu ikakwama. Bastola mpya hufanya hivyo mpaka izoee. Lloyd akainua mkono wa kushoto, kama sheria inavyotaka.

"Imekwama," akasema.

"Fungua, kisha utarudia," Norbert akamjibu.

Lloyd akashika kile chuma, akavuta. Hakikwenda popote. Akafuta vidole kwenye suruali, akavuta tena. Akaibana bastola kwenye nyonga, akasukuma kwa kiganja. Wenzake wote walikuwa wameshusha silaha zao. Mdomo wa bastola ulianza kuhama kuelekea nafasi namba sita.

"Lloyd. Iweke chini, rafiki yangu," Norbert akasema.

"Ngoja kidogo."

"Iweke chini."

Norbert aliifungua yeye. Lakini asiyeweza kufungua silaha yake mstarini haendelei. Sheria hiyo Lloyd mwenyewe aliipigia kura. Nikaandika 175. Norbert alipopanda kiti kukishusha kibao, hakufanya mzaha.

Jumamosi Lloyd alikuja kuiuliza ya baba yake, ile iliyolegea, iliyokuwa ikimtii. Nilikuwa na jibu kwenye daftari: iliondoka Jumatano, kwa muuzaji wa jimbo lingine aliyekuwa anapita. Nilimpigia simu muuzaji huyo mbele yake.

"Ile iliyokuwa inalia lia?" sauti ikasema. "Tumeibana, tumeipaka rangi upya, kama imetoka kiwandani. Mtu ameshaichukua."

Lloyd alikuwa amesikia. Akaweka kasha jipya juu ya kitambaa cha kijani.

"Basi na hii ipokeeni."

"Chukua ya tisa," nikamwambia. "Kipindi kijacho utaomba nafasi upya."

"Watu kumi na tisa, Gail."

Aliitoa bastola kashani, akasita. Ilikuwa imefungwa. Aliitazama, akaitazama mikono yake, kisha akanisukumia vilevile ilivyo, kitu ambacho hakuwahi kufanya katika maisha yake.

"Samahani," alisema.

Niliivuta mara moja, ikashika. Ndani hamkuwa na kitu. Lloyd aliutazama mkono wangu, akavaa kofia yake, nami nikaandika: imeingia, kutoka kwa L. Hrabovsky. Mstari wa chini yake niliuacha wazi kwa wiki mbili, halafu nikaandika jina la mtu mwingine.